Ile Betri Itoe Mfukoni

Mdogo wangu, umeniuliza kama kuvuta vepu kwa wati 80 kuna shida, maana kifaa chenyewe kinaruhusu mpaka 100. Sogea hapa, hili limeninyima raha tangu nilisome.

Kifaa kinaruhusu, lakini mzigo unabebwa na betri. Yako ni moja tu, ile ya 18650, milimita 18 kwa 65, na umeniambia imeandikwa ampea 20. Sasa chukua wati unazotaka, gawanya kwa volti za betri inapokaribia kuisha, tuseme 3.2. Themanini kwa 3.2 ni ampea 25. Umeitwisha ampea 5 za ziada, tena ikiwa hoi. Wengi huiogopa betri iliyojaa. Kumbe kwenye kifaa cha kupanga wati, volti zikishuka ampea hupanda ili wati zibaki zilezile. Shuka hadi 45. Hapo ni ampea 14, betri inapumua.

Kile kifaa cha rafiki yako, bomba tupu lisilo na saketi ya kulinda, usikiguse kabisa. Koili ya omu 0.15 na betri iliyojaa, volti 4.2, ni ampea 28, na hakuna cha kuzikata.

Halafu hizo betri za bei chee zilizoandikwa 9900, ziache dukani. Nyingi zilizo halisi za umbo hilo ni kati ya miliampea-saa 2000 na 3600. Aliyedanganya ujazo, ampea atazisema kweli?

Ila kinachonitisha zaidi ni kwamba ile betri ya akiba unatembea nayo mfukoni pamoja na funguo. Mdogo wangu! Mwili mzima wa betri hiyo, kuanzia kitako hadi mabegani, ni hasi. Kinachoutenganisha na kichwa cha chanya ni kipete chembamba na gamba la plastiki. Ufunguo ukigusa pale juu, ni shoti, na moto unaanzia pajani. Kikasha cha plastiki hakina gharama kubwa. Na gamba likichanika hata kidogo, usiitumie mpaka ivalishwe jipya.

Mwaka 2019, Fort Worth, Texas, kijana wa miaka 24 alifariki baada ya vepu kumlipukia usoni na kipande kukata mshipa wa shingo. Alikuwa na umri kama wako.

Ukiacha kuvuta kabisa nitafurahi, na unajua hivyo. Lakini leo hii, kabla hujalala, nenda kwenye ile suruali uliyoivua, uitoe hiyo betri.