SOMO LETU: JE, MAFUTA YA KUPAKA KABLA YA KUNYOA YANASAIDIA?



Wazee wetu walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Hawakusema tia mafuta. Leo tutaanzia hapo, kwa sababu neno hili limeleta ubishi katika kikundi kimoja ninachotembelea.

Vijana wa kikundi hicho wana mradi wa kinyozi. Siku moja mchuuzi alipita na chupa ndogo za mafuta ya kupaka kabla ya kunyoa ndevu. Akawaambia ati mafuta hayo yanalainisha ndevu na kumaliza vipele kabisa. Vijana wakataka kutoa pesa za akiba wanunue katoni nzima. Mweka hazina, ambaye ni mama wa makamo, akakataa kutia sahihi. Mkutano ukagawanyika. Wengine wakasema huyu mama hana ndevu, atajuaje? Basi wakaniuliza mimi. Hebu tujifunze pamoja.

1. MAJI NDIYO YANAYOLAINISHA

Unywele umeumbwa kwa kitu kile kile kilichoumba ukucha. Kila mmoja wetu anajua kwamba ukucha ni mgumu kukata asubuhi, lakini baada ya kufua nguo unakatika bila shida. Ndevu ni vivyo hivyo. Zikikaa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 2 au 3 hunywa maji, zikavimba kidogo na kuwa laini. Hapo wembe unapita bila kuvuta. Ni kama maharagwe: yaliyolowekwa hayasumbui jikoni.

Sasa tia tone la mafuta mkononi, kisha umwagie maji. Maji yatateleza na kuanguka. Kwa hivyo mtu akipaka mafuta mengi kwenye ndevu kavu, anayazuia maji kuingia. Amefunga mlango kabla mgeni hajafika.

2. KAZI YA KWELI YA MAFUTA

Mafuta yana kazi yake, tusiyadharau. Hayalainishi unywele, bali yanafanya wembe uteleze juu ya ngozi. Mwenye ngozi kavu, au yule ambaye ngozi humwasha baada ya kunyoa, anaweza kuona nafuu. Lakini yawe matone 3 au 4 tu, baada ya kulowesha ndevu, kisha povu lije juu yake. Yakizidi, yanaua povu na kuziba wembe, hasa zile zenye makali mawili au matatu pamoja. Mafuta ya mgando ndiyo mabaya zaidi kwa kuziba.

Si lazima yawe ya chupa ya bei. Matone machache ya mafuta safi ya nazi yanatelezesha pia. Yenye manukato mengi yanaweza kuwasha ngozi.

3. KRIMU NA SABUNI

Krimu ya kunyolea ni sabuni iliyochanganywa na maji na mafuta ili povu lisikauke upesi. Faida yake ni hiyo: inashikilia maji kwenye ndevu huku ikitelezesha wembe. Kwa hiyo mwenye krimu nzuri au povu zito la sabuni ya kunyolea, akilowesha ndevu vizuri, mara nyingi hataona tofauti kubwa akiongeza mafuta chini yake. Sabuni ya kufulia msiitumie, ni kali kwa uso.

4. VIPELE HAVITOKANI NA UKOSEFU WA MAFUTA

Hapa ndipo mchuuzi alipowadanganya vijana. Nywele zetu Waafrika zimejipinda. Zikikatwa karibu sana na ngozi, ncha yake inakuwa kali kama mkuki, inajikunja na kuingia tena ndani ya ngozi. Hapo ngozi inavimba. Mafuta hayawezi kuunyoosha unywele huo. Kinachosaidia ni hiki:

- Nyoa kwa kufuata mlalo wa nywele, usinyoe kwenda juu.
- Usivute ngozi wala kukandamiza wembe.
- Usirudie mahali pamoja mara nyingi.
- Mwenye vipele vingi aache kunyoa kwa wiki 3 au 4, kisha atumie mashine na kubakiza nywele fupi.
- Vikitoa usaha au kuacha makovu yanayokua, aende kituo cha afya.

5. MAFUTA HAYAUI VIINI

Wanakikundi, hili ndilo kubwa. Nimeona kinyozi akipaka mteja mafuta mazuri, halafu akachukua wembe aliomnyolea mtu mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuvibeba. Ukimwi nao tusiuchezee. Kila mteja na wembe wake mpya. Na chupa ya mafuta au kopo la krimu lisichovywe vidole. Mimina kiasi kwenye kiganja kilichooshwa.

Kwa hiyo fanyeni hesabu: bei ya chupa moja ya mafuta inanunua nyembe mpya ngapi katika duka la hapo kwenu?

JARIBIO LA MASHAVU MAWILI

Msiniamini mimi kwa sababu nina diploma. Jaribuni wenyewe kabla ya kugusa akiba. Nunueni chupa moja tu. Wanaume kadhaa waloweshe ndevu dakika 3. Shavu la kulia lipate povu peke yake, la kushoto mafuta kidogo kisha povu. Kila shavu na wembe mpya. Kesho yake mtu ambaye hakuwepo ayaguse na kuyatazama, aseme lipi ni laini na lipi lina vipele. Mara ya pili mbadilishe mashavu. Katibu aandike yote. Kikundi kinachopima kwanza hakiuziwi mbuzi kwenye gunia.

Kile kikundi nilichotaja kilikubali njia hiyo. Kabla ya yote walinunua birika la kuchemshia maji na pakiti za nyembe, na mweka hazina alitia sahihi bila kuombwa mara mbili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maji yatangulie mafuta?
2. Kinyozi wa kwetu anabadilisha wembe kwa kila mteja? Tumwambieje kwa heshima kama habadilishi?
3. Ni bidhaa gani nyingine tumenunua kwa maneno ya mchuuzi bila kuijaribu?
4. Katika kikundi chetu, mweka hazina akikataa kutoa pesa, tunamsikiliza au tunamkemea?