Besiboli na Bustani za Louisville: Mwongozo wa Familia Msimu wa Joto

Shule zikifungwa, watoto hushinda ndani na simu mkononi, na wazazi wengi wa Louisville, Kentucky, huanza kuulizana: tuwapeleke wapi bila kumaliza mshahara? Katikati ya mji kuna uwanja wa besiboli, na kando yake bustani kubwa ya umma isiyo na kiingilio. Ukipanga vizuri, familia yako inaweza kufaidi vyote viwili kwa siku moja. Si lazima uujue mchezo, wala ujue Kiingereza kingi.

Uwanja uko wapi, na nani anacheza?

Uwanja unaitwa Louisville Slugger Field. Uko 401 East Main Street, na ulifunguliwa mwaka 2000. Timu ya nyumbani ni Louisville Bats. Hii si timu ya ligi kuu. Inacheza daraja moja chini yake, na kazi yake ni kulea wachezaji wa Cincinnati Reds, timu ya ligi kuu ya mji jirani. Kwa mzazi hilo ni jambo jema: tiketi ni nafuu kuliko za ligi kuu, na watoto hukaa karibu na wachezaji.

Twende lini?

Msimu huanza mwishoni mwa Machi na kwisha Septemba. Timu ikiwa nyumbani, kwa kawaida hucheza kuanzia Jumanne hadi Jumapili na kupumzika Jumatatu. Siku za kazi mechi nyingi huwa jioni, na Jumapili mara nyingi huwa mchana. Ratiba iko kwenye tovuti ya timu. Soma saa kwa makini: tiketi ikiandikwa 7:05 PM, maana yake ni saa moja na dakika tano jioni kwa hesabu yetu, si saa saba mchana.

Angalia pia kama siku hiyo kuna fataki. Watoto wengi huzipenda, lakini milio yake ni mikubwa. Kama nyumbani kuna mtu aliyepitia vita na milio hiyo humrudishia hofu, chagueni siku isiyo na fataki.

Itagharimu kiasi gani?

Nunua tiketi kwenye tovuti ya timu au dirishani uwanjani. Viti vya mbali na sehemu ya kukaa kwenye nyasi kwa kawaida ndivyo vya bei ya chini. Ukinunua mtandaoni, tazama jumla ya mwisho kabla ya kulipa, kwa sababu ada ya huduma huongezwa juu ya bei ya tiketi. Uliza mambo matatu: mtoto mdogo anayepakatwa anahitaji tiketi? Kuna siku za punguzo? Tukija kama kanisa au jumuiya, kuna bei ya kikundi?

Piga hesabu kabla ya kutoka. Tuseme tiketi ni dola 15 na mko watano: hizo ni dola 75, na bado hamjala. Soda, soseji ndani ya mkate na bisi za uwanjani ndizo zinazokausha mfuko. Kwa hiyo pikeni nyumbani, mle bustanini kabla ya mechi, kisha kila mtoto achague kitu kimoja tu ndani. Beba kadi ya benki, kwa kuwa viwanja vingi siku hizi havipokei noti. Soma kwenye tovuti ni mifuko gani na chakula gani vinaruhusiwa. Mkoba utakaguliwa mlangoni, basi acha nyumbani hata kile kisu kidogo cha kumenyea matunda.

Tutafikaje?

Mabasi ya mji, TARC, hufika katikati ya mji, na nauli ya kawaida ya mtu mzima haifiki dola 2. Kabla ya kuondoka, hakikisha basi la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, maana mechi ya jioni inaweza kwisha saa nne usiku. Kwa gari, wekeni akiba ya pesa ya maegesho, na mfike mapema.

Mchezo wenyewe unaendaje?

Kila timu ina wachezaji tisa. Timu moja hurusha na kudaka mpira, nyingine hupiga kwa gongo. Mpigaji akiupiga vizuri, hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Akishindwa kuupiga mara tatu, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa ardhi, ametolewa. Wakitolewa watatu, timu hubadilishana: waliokuwa wakipiga huenda kurusha na kudaka. Kila timu hupata zamu tisa, na wakilingana huongezewa zamu mpaka mshindi apatikane. Aliyecheza raundas shuleni Kenya atauelewa upesi.

Mechi huchukua kama saa mbili na nusu hadi tatu. Wimbo wa taifa ukipigwa, watu husimama na kuvua kofia. Katikati ya zamu ya saba husimama tena, wakanyoosha miguu na kuimba pamoja. Watoto wakichoka, ondokeni wakati wowote.

Nichunge nini?

Kwanza, mpira. Ni mgumu, na mara nyingine huruka hadi kwa watazamaji. Ukiwa na watoto wadogo, kaeni nyuma ya wavu, na macho yawe uwanjani kila mpira unaporushwa. Ukidondoka karibu nanyi, ni wenu, hamtakiwi kuurudisha.

Pili, joto. Mchana wa Julai mara nyingi hufika nyuzi 90 kwa kipimo cha Marekani, yaani kama 32 za Selsiasi, na hewa huwa nzito kwa unyevu. Vaeni kofia, mnywe maji mara kwa mara, na mjipake mafuta ya kukinga jua hata kama ngozi yenu ni nyeusi. Mtu akichanganyikiwa au kuzirai kwa joto, piga 911 mara moja. Kamwe usimwache mtoto ndani ya gari, hata kwa dakika chache.

Tatu, radi. Ukisikia ngurumo, ingieni ndani ya jengo au gari, na msubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mechi ikiahirishwa kwa mvua, tunza tiketi na uulize dirishani namna ya kuibadilisha.

Na bustani?

Waterfront Park iko hatua chache kutoka uwanjani, kando ya mto Ohio. Ina nyasi pana za kutandika mkeka na sehemu za watoto kucheza. Mkitembea kama dakika 20 kuelekea mashariki mtafika Big Four Bridge, daraja la zamani la reli ambalo sasa ni la watembea kwa miguu na baiskeli. Mtavuka mto hadi Jeffersonville, jimbo la Indiana, bila kulipa hata senti. Lakini msiogelee mtoni: mkondo una nguvu na meli za mizigo hupita.

Wanaoishi kusini mwa mji wana Iroquois Park, iliyobuniwa na Frederick Law Olmsted, mmoja wa wabunifu wa Central Park ya New York. Kuingia ni bure. Mkitaka banda kwa sherehe ya ukoo au ya kanisa, lazima mlipie na kuweka nafasi mapema. Piga simu 311, namba ya huduma za mji, uulize utaratibu na bei.

Ikiwa pesa ya tiketi haijapatikana mwezi huu, anzeni na bustani Jumamosi hii, mechi itafuata. Wapo wanaodhani sehemu hizi ni za wenyeji tu. Sivyo. Tazama hati yako ya mshahara: kuna kodi ya mji inayokatwa humo, na serikali ya mji ndiyo inayotunza Iroquois Park. Umekwisha kuchangia, basi wapeleke watoto wakafaidi.