SOMO: KUCHAGUA MIZANI YA SAMAKI ILIYO SAHIHI NA YA KUTEGEMEWA

Katika madiko ya Pemba, kuanzia Tumbe na Msuka upande wa kaskazini hadi Mkoani upande wa kusini, samaki wengi huuzwa kwa mnada, kwa mtungo au kwa fungu. Katika biashara ya namna hiyo, jicho la muuzaji na la mnunuzi ndilo mizani. Lakini pweza na samaki wakubwa wanaotafutwa na wafanyabiashara wa kusafirisha hununuliwa kwa kilo. Na chama cha ushirika kinachokusanya samaki wa wanachama wake hakina njia ya haki ya kugawa malipo isipokuwa kwa uzito. Hapo mizani huwa ndiye hakimu.

Hasara isiyoonekana

Tuseme mizani ya chama inapunguza gramu 20 tu katika kila kilo. Hakuna mvuvi atakayelitambua kosa hilo kwa mkono. Chama kikipokea kilo 300 kwa siku, kilo 6 hupotea. Kwa siku 25 za kazi hupotea kilo 150. Mali hiyo ni ya wanachama. Mizani ikizidisha badala ya kupunguza, chama hulipa fedha kwa samaki wasiokuwapo, na upungufu hufichuka siku mnunuzi anapopima kwa mizani yake. Kwa vyovyote vile, mwanachama aliyekwisha kuitilia shaka mizani huanza kuuza samaki wake pembeni, na chama hudhoofika.

Aina tatu za mizani

Mizani ya mawe hulinganisha uzito na uzito. Haihitaji betri, wala joto haliibadilishi sana. Ila kazi yake ni ya polepole, na mawe yake yakishika kutu, yakimeguka au yakipotea, hukumu yake haifai tena.

Mizani ya springi ya kuning'iniza ni rahisi kwa bei na huchukulika hata chomboni. Udhaifu wake ni kwamba springi huchoka kwa kubebeshwa mizigo mizito, na chumvi huila.

Mizani ya kielektroniki husomeka kwa urahisi na mtu yeyote ajuaye tarakimu. Lakini maji ya chumvi yakiingia ndani huiharibu, na betri ikidhoofika hesabu zake hazitegemeki. Kwa kazi ya diko inafaa ile iliyozibwa isiingize maji, yenye sahani ya chuma kisichoshika kutu, na itumiayo betri mahali pasipo umeme.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Nguvu ya mvutano wa dunia ni ndogo kidogo karibu na ikweta kuliko katika nchi za kaskazini, na Pemba iko kwenye nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Mizani ya springi au ya kielektroniki iliyorekebishwa Ulaya ya kaskazini itapunguza karibu gramu 3 hadi 4 katika kila kilo ikitumiwa Pemba. Kwa hiyo hata mizani mpya hairuhusiwi kuaminiwa mpaka imerekebishwa mahali itakapotumiwa.

Kusoma kibao cha mizani

Mizani ya biashara huwa na kibao chenye alama tatu. Max ni uzito mkubwa kabisa inaoweza kupima. Min ni uzito mdogo ambao chini yake haifai kutumiwa. Herufi e ni kipande cha kipimo kinachotumika kuihakiki. Kwa mizani ya kawaida ya biashara, Min ni mara 20 ya e. Basi mizani ya kilo 100 yenye e ya gramu 50 haifai kupima kitu kilicho chini ya kilo moja. Chama kitakachoitumia kupima pweza mmoja wa gramu 700 kitakuwa kinakisia, hakipimi. Mizani ya kilo 15 yenye e ya gramu 5 itafaa zaidi kwa kazi hiyo, na ile kubwa ibaki kwa matenga yaliyojaa.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika visiwa kama Kisiwa Panza na Fundo, ambako wanavijiji wamekuwa wakifunga sehemu za miamba kwa muda ili pweza wakue. Siku ya kufungua, mizani haihesabu fedha tu. Ndiyo inayoonyesha kama subira ya kijiji imezaa matunda.

Majaribio kabla ya kulipa

1. Mizani ikiwa tupu isome sifuri, na irudi kwenye sifuri kila mzigo unapoondolewa.
2. Kitu kimoja kipimwe mara tano. Majibu yote yalingane.
3. Mzigo uwekwe katikati ya sahani, kisha kwenye kila pembe, uzito usibadilike.
4. Mawe yaliyohakikiwa yawekwe moja baada ya jingine, kutoka mepesi hadi karibu na Max.

Pasipokuwa na mawe, lita 20 za maji matamu zilizopimwa vizuri zina uzito wa karibu kilo 20, mbali na dumu lenyewe. Maji ya bahari yasitumiwe, kwani lita 20 huzidi kwa karibu nusu kilo. Jaribio hili ni la kugundua kosa kubwa tu; halichukui nafasi ya uhakiki wa maafisa wa mizani na vipimo wa Serikali, ambao muhuri wao hauna budi kuwa hai.

Utunzaji na matumizi

Mizani iwekwe mahali palipo sawa, pasipo upepo. Pakacha au ndoo ipimwe kwanza ikiwa imelowa, kwa maana pakacha lililolowa ni zito kuliko kavu. Maji na barafu vichujwe kabla ya kupima. Uzito usomwe kwa sauti, mvuvi akiona, na uandikwe papo hapo. Jioni mizani ioshwe kwa maji matamu kidogo na ikaushwe.

Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inaitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na kila mwanachama anaijua. Lakini mizani mbovu humpunja mtu hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kupunja. Ndiyo maana uaminifu wa katibu peke yake hautoshi. Lazima na chombo chake kiwe kiaminifu.

Maswali ya kujadili

1. Mizani ya chama chenu ilihakikiwa lini mara ya mwisho?
2. Min yake ni ngapi, na ni samaki gani wasiofaa kupimwa kwayo?
3. Nani atakabidhiwa kuijaribu kila wiki, na matokeo yataandikwa wapi?