SOMO: KURUDI KAZINI BAADA YA MSHTUKO WA MOYO

Katika chuo cha ualimu tuliwafundisha wanachuo kanuni hii: anza na lililo rahisi, ndipo uende kwenye gumu. Nilipopatwa na mshtuko wa moyo niliisahau mimi mwenyewe. Wiki ya tatu baada ya kutoka hospitali, niliona haya kukaa kivulini kama mgeni hapa Mwitongo, huku mama watoto analima peke yake. Nikashika jembe. Sikumaliza hata tuta moja. Kifua kilibana, nikarudishwa hospitali.

Kwa nini? Katika ugonjwa huu mshipa unaoupelekea moyo damu huziba, na sehemu ya msuli wa moyo hufa. Mahali pale hufanyika kovu, nalo huhitaji kama wiki 6 hadi 8 kukomaa. Mtu huweza kujisikia mzima kabla ya hapo.

Basi tushike haya:

1. Mweleze daktari kazi yako hasa. Karani huweza kurudi mapema. Mkulima au mvuvi huenda akahitaji miezi 3 au zaidi.

2. Anza kwa kutembea mahali tambarare, ukiongeza kidogo kidogo. Ukishindwa kuzungumza huku unatembea, punguza mwendo. Kisha pukuchua mahindi. Halafu palilia kidogo asubuhi, kabla ya jua kali. Kulima na kubeba magunia ni darasa la mwisho.

3. Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu.

4. Kifua kikibana, pumzi ikikata au ukiona kizunguzungu, acha kazi. Hali isipotulia upesi, nenda hospitali.

Wengine hawairudii kazi ile ile. Mchezaji mpira Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama ghafla uwanjani London tarehe 17 Machi 2012, ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Aliokolewa, lakini Agosti mwaka huo aliacha kucheza kwa ushauri wa madaktari. Baadaye alifundisha vijana mpira. Kubadili kazi si uvivu.

Mimi sasa napalilia. Kulima nimewaachia vijana. Haya imekwisha.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Mmoja wetu akiugua moyo, nani atashika jembe lake?

2. Je, maneno yetu humharakisha mgonjwa kurudi shambani?