Somo la Kiingereza: Neno "Warn"

Warn maana yake ni kuonya, yaani kumwarifu mtu habari ya hatari ingali mbele yake. Mwaka 2004, katika Kitui, Makueni na wilaya jirani, mahindi yaliyowekwa kabla hayajakauka yaliota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Bwana Afya aonyaye juu ya mahindi ya namna hiyo husema, "I warn you about this maize." Akitaka kukataza, husema, "I warn you not to eat it." Kiswahili hutia katazo ndani ya kitenzi: usile. Kiingereza hutegemea neno dogo not. Likisahauliwa, msikiaji aweza kudhani ameambiwa ale, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa.