SOMO: IMANI WAKATI MAMBO YANABADILIKA KATIKA KUSANYIKO
Masomo: Hesabu 20:22-29, Matendo 6:1-7



Mchungaji akihamishwa, ao kusanyiko moja likigawanywa kuwa mawili, tunaona mambo yale yale kila mara. Wengine wanalia, wengine wanashangilia, na kuna wale wanaobaki nyumbani siku ya Mungu wakisema: tungoje kwanza, tuone. Miezi mitatu inapita, wangali wanangoja. Somo hili ni lao, lakini hata wanaoshangilia walisome.

Tufungue Hesabu 20. Mungu anaagiza Musa apande mlima Hori pamoja na Haruni na Eleazari mwana wake. Huko juu Musa anamvua Haruni mavazi ya ukuhani, anamvika Eleazari, na Haruni anakufa. Tuangalie vizuri: hakuna mavazi mapya yaliyoshonwa. Ni yale yale, yametoka tu kwa mtu mmoja na kwenda kwa mwingine. Tena watu walimlilia Haruni siku makumi tatu, na hakuna aliyewakataza. Basi mtu anayelia kwa sababu mchungaji wake ameondoka, tusimwite mwenye imani haba. Alie. Lakini sura inayofuata inatuonyesha watu wale wale wako njiani tena.

Baba zetu walipita katika badiliko kubwa kuliko hayo yetu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba baraza la vita huko Thysville lilimhukumu kifo. Kisha mfalme Albert akageuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Aliletwa huku kwetu Élisabethville, akafia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabu mwenyewe: miezi michache ya kuhubiri, miaka makumi tatu ya kifungo. Wakati huo wote waamini hawakuwa na hekalu wala ruhusa ya serikali. Ruhusa ilikuja tarehe 24 Desemba 1959. Wengi walihamishwa kwa nguvu mbali na kwao. Mama Muilu alichunga kazi kwa siri. Walishikilia nini, ikiwa hawakumwona kiongozi wao kwa macho? Walisali majumbani, walishika amri, walifundisha watoto. Vijana wengine wanafikiri kanisa ni fanfari na mavazi ya kijani na meupe. Ni mazuri, nami nayapenda sana, lakini yalikuja nyuma.

Mabadiliko hayakuisha. Papa Diangienda alilala tarehe 8 Julai 1992, Papa Dialungana akashika uongozi, naye akalala mwaka wa 2001. Baada ya hapo tuligawanyika, na kila mmoja wetu anajua jamaa ambamo baba anasali upande huu na mtoto upande ule. Nani ana haki, sitaandika hapa. Lakini ikiwa watoto wa tumbo moja hawafiki tena kwenye kilio cha wenzao, wasiseme kwamba ni kanisa lililowazuia. Tumefundishwa Upendo, Amri na Kazi, na upendo umetajwa wa kwanza.

Sasa Matendo 6. Kanisa lilikuwa linakua, na wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Watu wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wanyamaze. Waliita waamini wote, wakaomba wachague watu saba. (Sisi mashemasi tujue basi kwamba kazi yetu ilizaliwa na manung'uniko!) Wanaosema kwamba muamini wa kweli haulizi kitu, hawajasoma sura hii. Kuuliza si kuasi. Lakini uliza mbele ya wazee, mahali neno linaweza kupata dawa. Kwenye bomba la maji, ao usiku nyumba kwa nyumba, halipati dawa. Linapata miguu tu.

Na tuangalie ni nani waliosahauliwa kwanza. Hata leo ni vile. Kusanyiko likigawanywa, tunabishana juu ya viti, ngoma na mabati. Na mama mjane? Kikundi cha huku kimefuta jina lake kwa kuwa nyumba yake iko upande wa kule; kikundi cha kule hakijaliandika. Akigonjwa, kila upande unadhani mwingine umekwenda. Yeye hakubadilisha imani yake, ni kaye yetu iliyombadilisha.

Kabla ya mkutano wa mwezi ujao, kila kikundi cha sala kisome masomo haya mawili. Kisha mzee wa kikundi aandike majina ya wajane, wagonjwa na wazee wa mtaa wake ambao hawajatembelewa mwezi huu, hata kama wanasali upande mwingine, na ayalete kwa mashemasi.