Meli Kubwa za Abiria: Kwa Nini Hazipinduki?

Meli ya watalii inapoingia bandari ya Kilindini, watu walio kivukoni Likoni huacha mazungumzo yao wakaitazama. Si ajabu, maana chombo hicho hakifanani na meli ya shehena, wala na jahazi. Ghorofa hupanda juu ya ghorofa, madirisha yamepangwa safu kwa safu kama ya nyumba za mjini, na juu kabisa mna mabwawa ya kuogelea na viwanja vya michezo. Ndipo swali huzuka: jumba refu namna hii, lisilo na msingi ardhini, husimamaje wima katika dhoruba ya bahari kuu?

Mfano mmoja watosha. Meli iitwayo Oasis of the Seas, iliyoundwa Turku katika nchi ya Finland na kuanza kazi mwaka 2009, ina urefu wa futi 1,180 hivi toka omo hadi tezi. Kutoka usawa wa maji hadi kileleni ni futi 236. Lakini chini ya maji yaingia futi 30 tu. Yaani, kwa kila futi moja iliyofichwa majini, karibu futi nane ziko hewani. Mwashi yeyote akipewa hesabu hiyo atasema kwamba msingi ni mfupi mno na nyumba itaanguka.

Angekuwa amesema kweli kama meli ingekuwa nzito juu kama ilivyo chini. Macho hupima urefu tu, hayapimi uzito. Hata wale wasomao magazeti hudanganyika, kwa sababu husoma kwamba meli hiyo ni ya tani 225,000, wakadhani kuwa huo ni uzito wake. Tani hizo ni kipimo cha nafasi iliyomo ndani ya meli, na desturi hiyo ilitoka kwa wafanyi biashara wa Ulaya wa zamani, waliohesabu ukubwa wa merikebu kwa mapipa ya mvinyo iliyoweza kuchukua. Uzito halisi wa Oasis of the Seas ni tani 100,000 hivi. Basi sehemu kubwa ya jumba lile ni hewa: vyumba, kumbi, ngazi na njia za kupitia.

Mtu aweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Na achukue chupa tupu ya plastiki, aizibe, aisimamishe katika ndoo ya maji. Mara italala ubavu. Kisha atie mchanga ndani kiasi cha robo, aizibe tena. Sasa chupa itasimama, na hata akiilaza kwa kidole itainuka yenyewe. Urefu wake haukuongezeka wala haukupungua. Kilichobadilika ni mahali uzito ulipokaa.

Katika meli mambo ni hayo hayo, ila yapo makubwa zaidi. Uzito wa meli nzima, ingawa umetawanyika kila mahali, hufanya kazi kana kwamba umekusanyika mahali pamoja, nao huvuta chini. Maji nayo husukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo meli imeyaondoa mahali pake. Hayo aliyafundisha mtaalamu wa Kiyunani, Archimedes, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Meli ikiwa wima, nguvu hizo mbili hukabiliana katika mstari mmoja. Wimbi likiilaza upande wa kulia, ubavu wa kulia huzama zaidi na wa kushoto huinuka. Hapo msukumo wa maji huhamia kulia, palipozama, ukawa kama bega la mtu mwenye nguvu linaloinua upande ulioshuka. Na uzito, ambao umebaki karibu na kati, huvuta chini. Nguvu hizo mbili pamoja huirudisha meli wima.

Kadiri meli ilivyo pana, ndivyo bega hilo lifikavyo mbali na kuinua kwa nguvu zaidi. Wavuvi wa pwani walilijua jambo hili tangu kale. Ngalawa ni nyembamba mno kusimama peke yake, lakini ikifungiwa matengo yake mawili, yaani zile mbao zinazoelea kando, huenda salama chini ya tanga kubwa. Oasis of the Seas haina matengo, ila upana wake penye usawa wa maji ni futi 154, mara tano ya kina chake.

Lakini bega la maji lina mpaka wake. Uzito ukipandishwa juu mno, basi meli ikilala kidogo tu uzito wenyewe nao huhamia upande ule ule, ukaupita msukumo wa maji, na badala ya kuinuka meli huzidi kuanguka. Mfaransa Pierre Bouguer ndiye aliyeandika kitabu mwaka 1746 kuonyesha jinsi ya kuupata mpaka huo kwa hesabu. Kabla ya hapo mafundi wa Ulaya waliunda merikebu kwa macho na kwa desturi, na mara nyingine walilipa ghali.

Kisa kilicho mashuhuri ni cha merikebu ya vita iitwayo Vasa. Mfalme Gustav II Adolf wa Sweden aliamuru iundwe mjini Stockholm, nayo ikapambwa kwa sanamu za kuchongwa na kutiwa mizinga 64, mingi yake katika safu mbili, moja juu ya nyingine. Mizinga ya shaba ni mizito, na safu ya pili ilikuwa juu sana. Chini, katika ngama, mlitiwa mawe ya farumi kiasi cha tani 120, lakini hayakutosha. Wala nafasi ya kuongeza haikuwapo, maana merikebu ikizidi kuzama, madirisha ya mizinga ya chini yangekaribia maji.

Palikuwa na mtu aliyeona hatari. Kabla ya safari, watu thelathini waliambiwa wakimbie sitahani toka ubavu mmoja hadi wa pili, waende na kurudi, ili ionekane merikebu yayumba kiasi gani. Walipokimbia mara tatu ikabidi wazuiwe, kwa kuwa ilionekana kwamba merikebu ingepinduka pale pale gatini. Hata hivyo safari haikufutwa. Mfalme alikuwa mbali vitani, naye alikuwa akiitaka merikebu yake upesi. Hapana aliyethubutu kumwambia kwamba haifai.

Tarehe 10 Agosti 1628 Vasa iling'oa nanga mbele ya umati wa watu. Ilikuwa haijaenda hata maili moja. Upepo wa ghafula ukaja, ikalala, ikainuka. Upepo wa pili ukaja, ikalala tena, na maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi. Ikazama papo hapo, na watu 30 hivi wakafa karibu na kwao. Baraza la uchunguzi lilikaa, maswali yakaulizwa, na mwishowe hakuadhibiwa mtu. Merikebu hiyo iliopolewa mwaka 1961, na sasa imewekwa katika jumba la makumbusho mjini Stockholm.

Jaribio la wale watu thelathini halikuwa upuuzi; lililokosekana ni kusikizwa. Siku hizi jaribio lifananalo na hilo hufanywa kwa sheria. Meli mpya ikiwa tayari, kabla ya kukabidhiwa kwa wenyewe, huelezwa katika maji matulivu. Vitu vizito ambavyo uzito wake wajulikana huhamishwa toka upande mmoja wa sitaha hadi wa pili, na ndani ya meli huning'inizwa timazi ndefu, kama ile ya waashi. Kwa kupima timazi imesogea kiasi gani, wataalamu hujua uzito wa meli umekaa kimo gani. Hapo hapana kukisia tena.

Meli kubwa ya abiria huundwa toka mwanzo kwa kuufuata mpango huo. Mitambo, ambayo ni mizito kuliko vyote, huwekwa chini. Matangi ya mafuta na ya maji matamu huwekwa chini pia. Kadiri ghorofa zinavyopanda, ndivyo chuma kinavyotumiwa kilicho chembamba. Katika meli nyingine, kama Queen Elizabeth 2 ya mwaka 1969, sehemu ya juu ilifanywa kwa aluminiamu. Na badala ya mawe ya zamani, farumi ya siku hizi ni maji ya bahari yenyewe, yanayoingizwa katika matangi ya chini na kutolewa kwa pampu. Mafuta yakipungua safarini, uzito wa chini nao hupungua, kwa hiyo maofisa hawana budi kuangalia hesabu kila siku na kuingiza maji kwa kiasi kinachotakiwa.

Maji hayo hayo, yakiachwa huru, ni adui. Mtu aliyepata kubeba karai la maji ajua: akiinama kidogo tu maji yote hukimbilia upande mmoja na kumvuta. Ndiyo sababu matangi ya meli hugawanywa kwa kuta, na maofisa hupenda yajae kabisa au yawe matupu, yasiwe nusu. Meli ya Kifaransa Normandie, iliyokuwa mojawapo ya meli kubwa kupita zote duniani, ilishika moto ikiwa gatini New York tarehe 9 Februari 1942. Wazima moto wakaimiminia maji mengi, nayo yakakaa katika ghorofa za juu. Moto ukashindwa, lakini usiku ule meli ikazidi kulala, na kabla ya kupambazuka ikapinduka pale pale bandarini, pasipo wimbi wala upepo mkali.

Yako mambo mengine yanayosifiwa kuliko yanavyostahili, nayo ni mapezi. Hayo ni mabawa mawili au zaidi ya chuma, yanayotokeza ubavuni chini ya maji na kugeuzwa na mitambo. Chombo maalumu husikia mara moja meli inapoanza kwenda mrama, na bawa la upande mmoja huelekezwa juu na la pili chini, ili maji yanayopita yaizuie. Meli ya Kiingereza Chusan, iliyoanza safari mwaka 1950, ilikuwa miongoni mwa meli kubwa za abiria za kwanza kuwa nayo. Meli ikisimama mapezi hayafai kitu, kwa sababu hapana maji yanayopita kwa kasi. Na bandarini hukunjwa ndani. Kazi yake ni kumpunguzia abiria kichefuchefu na kuzuia vikombe visianguke mezani. Meli isiyo na uzito wake mahali pake haitaokolewa na mapezi.

Ushahidi wa hayo ni Queen Mary, iliyoanza safari mwaka 1936 na kutiwa mapezi mwaka 1958 tu. Miaka yote kabla ya hapo ilijulikana kwa kuyumba. Mwezi wa Desemba 1942, ikiwa imechukua askari wa Marekani zaidi ya 10,000, ilipigwa ubavuni na wimbi kubwa mno, ikalala vibaya hata waliokuwamo wakadhani mwisho umefika. Ikainuka yenyewe, bila pezi hata moja.

Huenda mtu akafikiri kwamba basi ingefaa uzito wote uwekwe chini kabisa. La. Meli ya namna hiyo huinuka kwa ghafula mno, kama fimbo iliyopindwa ikaachiliwa, na watu na vyombo hutupwa huku na huku. Mafundi hutafuta kimo cha katikati, ambapo meli hurudi kwa hakika lakini polepole. Abiria husema meli hiyo ni tulivu, wala hawajui kwamba utulivu huo ulihesabiwa.

Na je, watu wenyewe wakikimbilia upande mmoja? Oasis of the Seas huchukua abiria zaidi ya 6,000 na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Tuseme wote ni 8,000, na kila mmoja ana uzito wa kilo 75: jumla ni tani 600, ambazo hazifiki hata sehemu moja katika mia ya uzito wa meli. Chombo kidogo hakina akiba kama hiyo. Kivuko cha MV Nyerere katika Ziwa Victoria kiliruhusiwa kuchukua watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018, kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakafa. Sheria ya maji iliyokiangusha ni ile ile inayoisimamisha meli ya ghorofa kumi na sita.

Mtu atakayefika gatini meli ikiwa imefungwa, na atazame ubavuni karibu na maji. Ataona duara lililopigwa mstari katikati. Alama hiyo yaitwa kwa jina la Samuel Plimsoll, mbunge wa Uingereza, aliyepigania kwa miaka mingi meli zisipakiwe kupita kiasi, hata sheria ikapitishwa mwaka 1876. Kando ya duara hilo mna mistari mingine midogo, kwa sababu maji matamu hubeba kidogo kuliko maji ya chumvi, na bahari ya baridi kali haina huruma kama ya joto. Maji yakiufunika mstari unaohusika, meli haina ruhusa ya kuondoka.